Jumatano Mashini Inalala

Lusangi, tarehe 11 mwezi wa pili

Kwa mupwa wangu Dieudonnée, mwenye mashini ya kutwanga mupunga kule Kasongo.

Jambo mama. Jambo tena. Mimi mujomba wako Faradji Musafiri niko muzima. Goti la kuume linauma wakati wa mvua, lakini bado natembea kupita vijana. Juzi nilibeba mufuko wa mupunga toka shamba mupaka nyumba bila kupumuzika, watu wote waliona, uliza Kasimu jirani wangu. Mbuzi ya madoa imezaa mapacha. Umusalimie dada yangu Cécilia, mama yako, umuambie ile dawa ya mugongo niliyomutumia ni ya kupaka, si ya kunywa, na kama alishaikunywa basi atulie. Umusalimie Elsa mutoto wako.

Hii barua nimeandika mimi mwenyewe na mukono yangu. Kasimu alitaka kuniandikia, nikamukatalia. Nilisoma miaka tatu tu, lakini miaka tatu ya zamani ni kama kumi ya watoto wa leo. Telefone sitaki. Mu telefone mutu anasema kisha anakana.

Sasa neno. Motari, yule wa pikipiki aliyeleta chumvi hapa Lusangi, alikaa pa mulango wangu akasema, Mzee, mashini ya mupwa wako Jumatano inalala. Nikasema inalala namna gani, imeharibika? Akasema hapana, mulango kufuli, wanamama wanafika na mupunga ku kichwa, wanarudi nao. Nikamuambia wewe ni mwongo na baba yako alikuwa mwongo. Akaapa.

Dieudonnée, uko na akili? Mimi niliuza ku soko miaka makumi ine. Mvua, jua, vita, niliuza. Hata siku bibi yangu Mado, mama ya watoto wangu, alikufa, asubui niliuza, magaribi ndio nililia. Ndiyo maana jina langu linajulikana mupaka Salamabila. Na ile mashini ilipofika kwako, nani aliitwa? Mimi. Mujomba. Nilichukua maji mu kinywa nikaipulizia mbele ya watu, nikasema ikule mupunga wa Kasongo yote. Ni kinywa changu kinaizungusha, mazutu, yale mafuta unaitia, ni ya kusaidia tu.

Kama ni mwanaume anakuja Jumatano, mulete nimuone. Kama si mwanaume, fungua mulango.

Ni mimi Faradji Musafiri, mutu wa neno moja.


Kasongo, tarehe 3 mwezi wa tatu

Mujomba, jambo.

Barua yako ilifika imelowa lakini nilisoma yote. Mama alicheka juu ya dawa, alikuwa amekunywa vijiko viwili. Yuko muzima. Elsa anakusalimia, yuko kalasi ya tano ya msingi sasa, anakaribia kunifika urefu. Sisi hapa mvua ni mingi, mupunga unakuja umelowa, mashini inakasirika, lakini kazi iko.

Hakuna mwanaume. Tangu Roger bwana yangu alienda Kindu na hakurudi, unajua vile ninaishi. Siku mashini ilifika, wewe ulipulizia maji, ni kweli, na ninashukuru. Lakini mimi pia nilisema neno siku ile, kimya, kwa mimi mwenyewe. Nilisema hii mashini haitanikula mimi. Jumapili nafunga kwa ajili ya Mungu. Jumatano nafunga kwa ajili ya Dieudonnée.

Jumatano ninasoma. Mwaka huu nitafanya Exetat, ule mutihani wa serikali wa kumaliza sekondari, kama mutu aliyesoma peke yake. Wanakubali. Nataka ile diploma.

Kwa sababu ya ile, mwezi uliopita nilienda kwa masomo yangu ya zamani kule Kabambare kutafuta matokeo yangu ya kalasi ya ine na ya tano. Nilipita karibu na kwako, sikuingia, nisamehe, nitakuambia sababu. Walifungua daftari ya mwaka nilitoka masomo. Jina langu liko. Pembeni ya jina wameandika: ameacha, ameolewa.

Mujomba, mimi niliolewa miaka tano baada ya pale. Wakati ule nilikuwa mu nyumba yako. Na wewe ndiye uliniambia prefe, mukubwa wa masomo, amenifukuza, amesema sina kichwa cha masomo.

Nani aliwaambia nimeolewa?

Dieudonnée


Lusangi, tarehe 29 mwezi wa tatu

Kwa Dieudonnée.

Jambo. Barua yako ilikaa siku tisa ngambo ya muto kwa sababu daraja lilivunjika, usifikiri nilikosa la kujibu. Mimi niko muzima sana. Kapacha kamoja ka mbuzi kalikufa. Goti limepona kwa dawa niliyoitengeneza mwenyewe, watu wanakuja kuiomba.

Umepita karibu na nyumba ya mujomba wako haukuingia. Nimeandika ile ku kichwa changu. Watu walikuona ku motari na kilemba cha bulu, wakaniuliza mupwa wako yuko wapi, nikasema amelala ndani amechoka. Nimedanganya kwa sababu yako.

Exetat! Kasimu alicheka mupaka akaanguka ku kiti. Mwanamuke wa miaka makumi tatu na ine! Utakaa na Elsa ku kiti moja? Mutaibiana majibu? Mimi na miaka tatu yangu nimezaa watoto tisa, nimejenga nyumba ya bati, nimesema mbele ya shefu na akanyamaza. Diploma itakutwangia mupunga? Uko na mashini, unataka nini tena?

Mambo ya daftari ya zamani sijui. Panya wanakula madaftari. Walimu wanaandika vile wanataka.

Sikia neno la watu wakubwa. Salamabila kuko mufanyabiashara moja anaitwa Aristote, anawalisha wachimba zahabu, ni mutu muzito. Anataka muchele mweupe, mifuko makumi ine, punje nzima nzima. Watu walimuambia hakuna. Mimi nikasimama, nikasema iko. Mashini ni ya mupwa wangu, na mupwa wangu ni mukono wangu. Wiki ya mwisho ya mwezi wa sita tunatwanga kwako, siku zote, pamoja na hiyo Jumatano yako. Nimetaja jina lako na jina langu mbele ya watu. Limekwisha.

Faradji Musafiri, anayejulikana mupaka Salamabila


Kasongo, tarehe 20 mwezi wa ine

Mujomba, jambo.

Pole kwa mbuzi. Mama anauliza kama ile dawa ya goti ni ya kupaka ao ya kunywa. Anauliza kwa kucheka, usikasirike.

Wiki uliyotaja ndiyo wiki ya Exetat. Siku ine. Sitafungua. Wiki itakayofuata lete mifuko hata mia, nitatwanga toka asubui mupaka magaribi, wewe utakuwa wa kwanza, wengine watangoja. Muambie Aristote wiki moja tu. Mutu muzito hawezi kufa na njaa mu wiki moja.

Unafikiri kufunga ni muchezo. Jumatano ya kwanza nilikaa mu nyumba na kitabu cha hesabu, nikasikia mashini ingine ngambo ya soko inanguruma. Ile sauti ni ya wateja wangu, mujomba, nilijua hata ni mupunga wa nani unaingia. Nilisimama mara mbili kuchukua ufunguo. Mara ya tatu nilimupa Elsa ufunguo nikamuambia ende nao ku masomo. Wateja wengine sasa wanakuja Jumanne. Wengine walienda kabisa. Kuko mama moja wa Nyangwe alinitukana ku njia mbele ya watu, akasema mwenye mali anafunga mali yake kwa kiburi. Nilimusalimia nikapita. Nilifika nyumbani nikalia, kisha nikafungua kitabu.

Neno lingine ni la kazi. Mupunga wa mavuno mapya uutandike ku mukeka siku ine za jua kali kabla ya kuuleta. Kama uko na maji ndani, mashini inauvunja. Najua wewe unapima kwa kuuma punje. Mujomba, upande ule unaoutumia kuuma hauna meno tena.

Haukunijibu. Panya hawaandike mu daftari. Nani aliwaambia nimeolewa?

Dieudonnée


Lusangi, tarehe 15 mwezi wa tano

Dieudonnée.

Jambo kwa wote. Niko muzima. Mavuno ni mingi, mimi nimepita wote.

Meno yangu iko. Usihesabu meno ya mujomba wako.

Sitamuambia Aristote wiki moja. Faradji hasogeze neno lake. Tunakuja na kinga makumi mbili, kila baiskeli mifuko mbili. Nikikuta kufuli, nitasimama mbele ya ule mulango nitaondoa neno langu ku ile mashini, maneno yote niliyosema nitayasema kinyume, na utaona kama mazutu peke yake inatwanga.

Swali lako nimelisikia. Mutoto haulizi mujomba kama polisi.

Faradji Musafiri


Lusangi, tarehe 9 mwezi wa saba

Kwa mwenye diploma.

Jambo. Umusalimie Cécilia. Elsa pia.

Umefurahi? Nimefika mulango yako na watu makumi mbili, tumesukuma kinga siku tano, tope mupaka magoti, na nimekuta kufuli kubwa kama kichwa cha mutoto. Nikawaambia wale watu tulieni, ni mupwa wangu, atatoka atafungua. Nikakaa juu ya mufuko. Asubui mutu akatoka. Nikafikiri ni Elsa. Blouse nyeupe, jupe, ile sketi ya bulu ya wanafunzi, soksi mupaka hapa. Ni wewe! Mama muzima! Mumoja wa wale watu akakohoa ile kikohozi cha kuficha kicheko.

Ukasema, "Mujomba, umeamka?" Nikageuza uso.

Ukasema tena, kwa sauti ile ya upole inayonikasirisha, "Fungua mifuko, utandike mupunga ku kiwanja yangu. Mikeka Elsa ataleta. Siku ine nikimaliza, utakuwa umekauka, nitatwanga wako kabla ya wote."

Mimi nikakuambia, "Ende, kibibi cha uniforme, kengele italia."

Na ukaenda! Haukugeuka!

Nilikaa siku mbili pale juu ya mifuko yangu. Chakula cha Cécilia nilikataa. Siku ya pili baada ya saa sita nilisimama mbele ya mulango, nikaondoa neno langu lote, watu wa soko ni mashahidi. Kisha nikapeleka mupunga ku ile mashini ingine.

Ule muchele ulitoka vipande vipande. Nikasema mashini ni mubaya. Mwenye mashini akasema mupunga ni mubichi. Nikamuambia mimi niliuuma. Akaniangalia kinywa.

Salamabila, Aristote alifungua mufuko wa kwanza, akaingiza mukono, akaacha muchele uanguke polepole mbele ya wachimbaji wote. Akasema, "Mzee, hii ni ya vifaranga." Watu walicheka. Watu wa Salamabila, kule jina langu linajulikana. Sasa linajulikana zaidi. Wananiita Mzee Vifaranga.

Ni wewe umefanya ile. Hesabu siku, ile mashini itasimama.

Faradji


Kasongo, tarehe 25 mwezi wa saba

Mujomba, jambo.

Sisi wote wazima. Mama anasema chakula ulikataa mbele yake, lakini sahani ilirudi safi. Mashini inazunguka. Siku ya kwanza baada ya Exetat nilitwanga toka jua likipanda, haikukohoa hata mara moja. Kama uliondoa neno lako, basi ujue kuko neno lingine lilibakia ndani.

Unasema sikugeuka. Ni kweli. Nitakuambia sababu, kisha nitanyamaza. Ufunguo ulikuwa hapa mu mufuko wa jupe. Nilifika pembeni ya soko, nikasimama. Nilikuona bado ku macho, mujomba wangu, juu ya mifuko kama mutu aliyefukuzwa. Ni wewe ulinilea toka baba alikufa. Nilisema nirudi, nifungue masaa mbili tu, watanikubalia kuingia nikichelewa. Lakini kama ningefungua siku ile, ningefungua siku zote mupaka kufa. Nilienda. Swali la kwanza la siku ile sikulisoma, machozi yalikuwa mingi. La pili nilisoma.

Matokeo bado. Naweza kuanguka. Nikianguka nitarudia mwaka kesho, na Jumatano nitafunga.

Sasa sikia. Ile miaka kumi na sita nilifikiri sina kichwa. Nilipojifunza kutengeneza mashini, watu walisema mwanamuke huyu ana akili, na mimi ndani nilisema hapana, prefe alinijua, alinifukuza. Roger alipoenda nilisema ni haki yake, nani atakaa na mujinga. Nimebeba ile kila siku kupita mufuko wowote uliobeba wewe. Na kumbe prefe hakusema kitu. Daftari yake inasema nimeolewa, na ku ile kalasi nilikuwa wa tatu.

Sitauliza tena. Hii ni mara ya mwisho.

Dieudonnée


Lusangi, tarehe 30 mwezi wa nane

Kwa Dieudonnée, mutoto wa dada yangu.

Jambo. Hapa wazima. Goti bado linauma, ile dawa haifanye kitu. Umusalimie mama yako.

Barua yako niko nayo mwezi mzima. Nilianza kujibu mara ine, nikachana. Sasa naandika bila kurudi nyuma, kama kuko makosa soma tu vile.

Juzi saa tisa motari wa chumvi alifika anapiga honi toka mbali. Akapiga kelele njia yote: Dieudonnée wa Kasongo amepata! Dieudonnée mupwa wa Mzee Faradji amepata! Vijana wakachukua ngoma. Kasimu akatoka na kopo la pudra, ile wanawamwagia ku kichwa wenye kupata diploma. Wakaingia ku kiwanja yangu wote, wanawake, watoto, hata wale waliokuwa wananiita Vifaranga. Wakasema mutoto hayuko hapa, basi tutamumwagia mujomba. Ni yeye alimulea, ni yeye alipulizia mashini, ni yeye! Wakaimba jina langu. Ngoma ikalia. Kasimu akafungua kopo, akanyanyua mukono juu ya kichwa changu.

Nilikuwa nimesimama tayari. Wewe unanijua. Nilikuwa nimevua kofia.

Nikasema, "Kasimu, telemusha mukono."

Akacheka, akafikiri naona haya. Nikasema tena. Ngoma ikanyamaza.

Nikawaambia, musinimwagie. Huyu mutoto mimi ndiye nilimutoa ku masomo. Prefe alikuja kwangu kwa miguu mara mbili, mutu mwembamba mwenye miwani. Mado alikuwa na wiki mbili mu kaburi. Watu wa shamba walikuwa kumi na moja na hakuna mwenye kuwapikia. Prefe akauliza, mutoto yuko wapi, huyu hapaswi kupotea. Wewe ulikuwa nyuma ya nyumba unatwanga majani ya sombe, nilikuwa nasikia kinu wakati nasema naye. Nikamuambia umeolewa Nyangwe. Akauliza, kweli? Nikasema kweli. Akaenda. Kisha nikazunguka nyumba nikakuambia amekufukuza, ili usiende kumutafuta.

Nilisema ile yote kwa sauti, mu kiwanja, watoto wakisikia. Mwanamuke mumoja akamushika mutoto wake mukono akatoka, kisha wengine. Kasimu alifunga kopo lake polepole. Tangu siku ile hanisalimie, na sikumuomba anisalimie.

Sikuombi kitu. Usinitumie muchele, usinitumie neno. Jumatano funga.

Ulikuwa wa tatu ku kalasi. Prefe aliniambia pa mulango, mara ya pili. Nilijua.

Faradji